Kamera Isimwelekee Mtoto, Ielekee Sufuria

Leo mazungumzo yangu ni ya vijana wetu wa Kigoma, wa miaka 13 hadi 18, ambao uzito umewazidi. Nataka tuulizane kama runinga, ambayo kila mzazi anailaumu kwa kuwaketisha watoto kutwa nzima, inaweza kuwasaidia wapungue.

Najua wapo watakaoshangaa. Kigoma hii? Mkoa wetu ukitajwa kwenye vikao vya lishe, kinachotajwa ni udumavu. Ni kweli, udumavu tunao, na hatujamalizana nao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Lakini utafiti huohuo ulikuta wanawake 36 katika kila 100, wa umri wa kuzaa, wana uzito uliozidi au unene. Miaka sita hivi kabla ya hapo walikuwa 28. Mambo haya mawili yanakaa nchi moja, mtaa mmoja, mara nyingine nyumba moja. Takwimu hiyo ya unene ni ya akina mama, lakini mama na binti yake wanapakua kutoka chungu kimoja.

Kijana mnene bado ni nadra katika darasa la Kigoma. Ndiyo maana anaonekana upesi, na anapewa jina upesi. Anaitwa bonge, anaitwa tipwatipwa, na siku ya michezo anaambiwa akae akatunze viatu vya wenzake. Duniani kwa jumla, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri walikuwa milioni 160. Hawa si watoto wa Ulaya na Marekani peke yake. Wamo wa Dar es Salaam, wamo wa Nairobi, wamo wa Bujumbura hapo jirani, na wamo wetu.

Wametoka wapi? Tusiende mbali, tutazame siku ya kijana wa mjini kwetu. Zamani kidogo, mtoto wa Ujiji anayesoma Kigoma mjini alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Leo bodaboda ipo mlangoni. Asubuhi shuleni palikuwa na mchakamchaka, ngoma mbele na nyimbo nyuma, mpaka jasho liwatoke ndipo watu waingie mstarini. Shule zipo zinazoendelea nao, na nazipongeza kwa moyo, ila nyingine siku hizi zinaanza na somo la ziada saa 12 na nusu, na mtoto anakaa kwenye dawati mpaka jioni. Mapumziko anatoka getini, anakuta maandazi, mihogo ya kukaanga, barafu za rangi na soda. Jioni ni chipsi mayai. Usiku, kama ni siku ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi inaanza saa 4 au saa 5, na soda nyingine iko mkononi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi na zaidi. Hivyo ni vijiko vya chai visivyopungua 8. Hakuna mama wa Kigoma anayeweza kumwekea mwanawe vijiko 8 kwenye kikombe cha chai na mkono usitetemeke.

Halafu kuna mafuta. Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu mchikichi ni mali yetu, na serikali yenyewe imeweka nguvu kubwa kulifufua zao hili kuanzia kituo cha utafiti cha Kihinga. Mawese mekundu yana chanzo cha vitamini A, jambo kubwa kwa macho ya mtoto. Lakini nusu hivi ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, yawe mawese au alizeti, kinaingiza kalori zipatazo 120. Sasa angalia jinsi tunavyomiminia. Dagaa wa Kigoma, ambaye nchi nzima inamtamani, ni chakula kizuri kuliko vingi: protini, na madini ya mifupa kwa sababu unamla mzima. Mgebuka wa kuchoma vivyo hivyo. Tunamchukua dagaa huyo tunamzamisha kwenye mafuta mpaka aelee, kisha tunaweka mlima wa ugali wa muhogo, na kisamvu nacho kinang'aa mawese. Mvuvi aliyekesha ziwani akivuta nyavu anauhitaji mlo huo. Kijana aliyekesha sebuleni hauhitaji.

Sasa tuje kwenye runinga yenyewe. Nitaanza na mashtaka yake, maana ni mazito na yana ushahidi. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, William Dietz na Steven Gortmaker, walichapisha uchunguzi juu ya vijana wa miaka 12 hadi 17. Waliona kwamba kila saa moja zaidi ya kutazama runinga kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 2 la kuenea kwa unene kati yao. Mtu anaweza kusema, labda ni wale wanene ndio wanaopenda kukaa ndani. Ni hoja nzuri. Ila mwaka 1999 Thomas Robinson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya jaribio la shule mbili za msingi mjini San Jose, California. Shule moja iliachwa kama ilivyo. Katika nyingine, watoto wa darasa la tatu na la nne walifundishwa kwa muda wa miezi sita jinsi ya kupunguza kutazama runinga na kucheza michezo ya video. Hawakupewa mpango wa chakula, hawakukimbizwa uwanjani. Mwisho wa mwaka wa shule, watoto wale waliopunguza kutazama walikuwa wameongezeka unene kidogo kuliko wenzao. Kupunguza kutazama peke yake kulitosha kuleta tofauti.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba mtu anakula bila kuhesabu macho yakiwa kwenye kioo. Sababu nyingine ni matangazo. Nchi ya Chile iliona hivyo ikatunga sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 2016: vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi vinabandikwa alama nyeusi, na matangazo yake kwa watoto yakapigwa marufuku, baadaye wakaongeza kwamba runinga isiyatangaze kabisa kuanzia asubuhi mpaka saa 4 usiku. Sisi hapa, kijana akitazama mechi moja tu, amekwisha kuonyeshwa soda mara kadhaa, na anayeinywa ni mchezaji mwembamba anayemeremeta kwa afya.

Kuna jaribio jingine linalonifurahisha sana. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Myles Faith, huko New York, waliwawekea watoto wanene wa miaka 8 hadi 12 baiskeli ya mazoezi iliyounganishwa na runinga: unapiga pedali, picha inakuja, ukiacha, inazimika. Walikuwa watoto 10 tu, na hilo ni kundi dogo. Lakini waliopewa baiskeli hiyo walitazama chini ya saa 2 kwa wiki, wakati wenzao walitazama zaidi ya 20. Sisemi tuagize baiskeli hizo. Nasema runinga inaweza kupangwa ili imdai mtazamaji jambo. Hilo tulishike, tutalirudia.

Basi mtu akiambiwa atengeneze kipindi cha runinga cha kuwasaidia watu wapungue, wazo la kwanza linalomjia ni shindano. Chukua watu wanene, wapandishe kwenye mizani mbele ya kamera, wakimbize, wapime tena, aliyepungua kidogo aondoke, aliyepungua zaidi apewe fedha. Wamarekani walianza hivyo mwaka 2004 na kipindi cha The Biggest Loser, kikaigwa nchi nyingi. Jirani zetu Kenya, Citizen TV iliwahi kuwa na Slimpossible, shindano la wanawake. Watu walivitazama vipindi hivyo kwa mapenzi, na wapo walioamka kwenda kufanya mazoezi kwa kuviona. Sikatai hilo.

Lakini sikilizeni kilichowapata washindani wenyewe. Mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwafuatilia 14 kati yao kwa miaka sita, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Wakati wa shindano, watu hao walipungua kwa wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41. Na la kutisha zaidi, mwili wenyewe ulikuwa umebadilika: ukiwa umepumzika, ulikuwa unatumia kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umbo lile. Mwili ulichukulia kupungua kwa ghafla kuwa ni njaa, ukajifunga mkanda, na miaka sita baadaye ulikuwa bado haujaulegeza. Mtu kama huyo akila sawa na jirani yake, yeye ananenepa, jirani hanenepi. Kisha watu wanamwambia hana nidhamu.

Kama mtu mzima anafikishwa hapo, mtoto je? Mwaka 2013 kipindi hichohicho kiliwaingiza vijana watatu kwa mara ya kwanza. Watayarishaji wenyewe walijua hatari, kwa hiyo hawakuwatia vijana hao kwenye mchujo. Kwangu mimi hilo linatosha kuonyesha kwamba mtindo ule haukuumbwa kwa mtoto. Kijana wa miaka 14 bado anarefuka. Mara nyingi anachohitaji si kushuka kilo hata moja, bali uzito usimame mahali pamoja wakati urefu unaendelea, na baada ya mwaka au miwili umbo limejinyoosha lenyewe. Hilo halipendezi kwenye shindano. Hakuna mtu atakayepiga makofi akiona mizani inasoma kilo zilezile za mwezi uliopita, ingawa kwa mtoto huyo, huo ndio ushindi.

Na kuna jambo letu sisi, ambalo watu wa California hawalijui. Miaka ya 80 na 90, katika ukanda huu wote wa maziwa, Kagera, Rakai ya Uganda, na huku kwetu, tuliwaona ndugu zetu wakikonda mpaka wakaisha. Ukimwi ulitufundisha kumwangalia mtu aliyepungua kwa jicho la hofu. Mpaka leo binti akirudi kutoka bweni amepungua, bibi yake Ujiji anamvuta pembeni amuulize kwa sauti ya chini anaumwa nini. Mama aliyenenepa tunasema ndoa imemkubali. Kipindi kitakachokuja kutoka Dar es Salaam na kusema kwa furaha, pungueni, pungueni, bila kujua bibi huyu amezika wanawe wangapi, kitazimwa, na atakayekizima ni bibi huyo. Mimi nitamwelewa.

Sasa niwapeni mfano ninaoupenda. Mwaka 2005 mpishi wa Uingereza, Jamie Oliver, alifanya kipindi cha runinga kwenye jikoni za shule. Hakumvua mtoto shati. Kamera aliielekeza kwenye sufuria. Nchi nzima ikaona watoto wake wanalishwa nini mchana: vinyama vya kukaanga vilivyosagwa na kuchanganywa na mafuta, chipsi, hakuna mboga. Wazazi walikasirika, serikali ikaahidi pauni milioni 280 za kuboresha chakula cha shule, na vile vinyama vikaondolewa. Kilichopimwa pale ni kazi ya watu wazima, wala si kiuno cha mtoto. Lakini msidhani ilikwenda laini. Mwaka uliofuata, katika shule moja karibu na Rotherham, akina mama walisimama nje wakawapitishia watoto wao chipsi na baga kupitia uzio, kwa sababu watoto walisema chakula kipya hakiliki. Akina mama wale walitukanwa sana magazetini. Mimi siwatukani. Hakuna aliyewaita, hakuna aliyekaa nao, walikuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Mzazi asiyeitwa kikaoni atapita uzioni.

Na hapa ndipo Tanzania ina la kusema, msikilizaji, maana jambo la kuwaita watu kikaoni kwa kutumia chombo cha habari tumelifanya sisi, tena kwa ukubwa ambao mataifa yalikuja kujifunza. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu cha kusoma. Redio ikizima, kazi ilikuwa ndiyo inaanza: mnajadili, halafu mnatoka kwenda kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo huohuo. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni kikundi, na jirani kumwona jirani amechukua jembe.

Miaka 20 baada ya Mtu ni Afya, Julai 1993, Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati. Nani hakumjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo? Nani hakumwonea huruma Tunu mkewe, na baadaye kumshangilia alipoanza biashara yake na kusimama kwa miguu yake? Mtindo ule ulitoka Mexico, kwa mtayarishaji Miguel Sabido, na una siri moja. Mtu mwema kwenye mchezo hawabadilishi watu, wala mbaya hawabadilishi. Anayewabadilisha ni yule wa katikati, anayeyumba, anayejaribu akashindwa, akajaribu tena, kwa sababu msikilizaji anajiona ndani yake. Tena Twende na Wakati ilipimwa kweli. Kwa miaka miwili ya mwanzo, eneo la kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo ule, wakarushiwa vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Uzazi wa mpango ukaonekana kuongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kuupata.

Runinga nayo imekwisha kuonyesha inaweza. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, na watoto wakajifunza hisabati kwa Kiswahili kupitia nyimbo na wanyama. Kipindi cha Maisha Plus kilimpeleka Mama Shujaa wa Chakula, mkulima mwanamke, kwenye runinga ya taifa zima akashangiliwa. Kwa hiyo vipaji tunavyo, na kamera tunazo.

Ningepewa nafasi ya kusema na watayarishaji, ningewaambia hivi. Njooni Kigoma mtengeneze tamthilia. Mhusika mkuu awe binti wa miaka 15, wa Kibirizi mwaloni, mama yake mchuuzi wa dagaa. Awe mnene, lakini tusimjue kwa unene wake. Awe hodari wa hesabu, mwenye ulimi mkali, anayependa kucheza muziki chumbani mlango ukiwa umefungwa. Uigizaji wetu una ugonjwa wa kumfanya mtu mnene kuwa kichekesho: anaingia, kiti kinavunjika, watu wanacheka. Katika tamthilia hii kiti kisivunjike hata mara moja. Mjomba wake awe ameambiwa Hospitali ya Maweni kwamba ana kisukari, na hilo ndilo liilete nyumba nzima kwenye mazungumzo ya chungu, maana binti akiambiwa ale tofauti na wenzake ataiba usiku. Chungu kibadilike kwa wote. Na anayeyumba awe mama, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika mwiko. Siku moja apunguze mafuta, mume asusie chakula. Siku nyingine aache kununua soda, wageni waje, aone aibu. Mambo haya yanatokea, na kila mama wa Mwanga, hapa mjini, atasema huyu ni mimi.

Muziki usikosekane. Huu ni mkoa ambao mwaka 2012 wasanii wenye asili ya hapa walikusanyika wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa Leka Dutigite, na nchi nzima ikacheza. Sehemu ya mwisho ya kila kipindi iwe wimbo wa kucheza, dakika 10 kamili, na anayecheza kwenye kioo awe binti huyo na rafiki zake, wa kila umbo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto na kijana apate walau dakika 60 za kujishughulisha kwa siku. Dakika 10 za kucheza, na mchakamchaka wa asubuhi, na kwenda shule kwa miguu, zinakaribia. Wachezaji wa timu yetu ya Mashujaa waonekane, wakiwa Uwanja wa Lake Tanganyika wanafanya mazoezi, na mmoja aseme anakula nini kabla ya mechi. Kijana wa kiume atamsikiliza huyo kabla hajamsikiliza daktari. Kipindi kiwe cha nusu saa, kisizidi, na kikiisha, mtangazaji aseme waziwazi: sasa zima. Najua hakuna kituo cha runinga kinachopenda kuwaambia watazamaji wake wazime. Lakini ukikumbuka yale ya San Jose, kipindi cha kupunguza uzito kinachomwacha mtoto kwenye kochi mpaka cha pili kianze kinajipinga chenyewe.

Kisha kuna suala la mahali pa kutazamia, na kwangu hili ni zito kuliko hadithi yenyewe. Nyumba nyingi hazina runinga. Vijana wa kiume wanatazama kwenye vibanda umiza, kwa kiingilio, mechi na filamu zilizotafsiriwa. Binti wa miaka 15 haingii kibanda umiza usiku, na mama yake hawezi kumruhusu, na ana haki. Kwa hiyo kipindi kikirushwa hewani tu, tutawapata wavulana wachache na familia zenye king'amuzi. Tufanye kama mwaka 1973. Kila kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji iwe na vikundi vya kutazama, shuleni, kwenye uwanja wa madrasa, kwenye ukumbi wa parokia, kwenye zahanati, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa. Wenye vibanda umiza wasitupwe. Wapewe vipindi bure, wavionyeshe saa moja kabla ya mechi, na mbele ya kibanda wauze maji ya kunywa, machungwa na karanga pamoja na soda.

Kiongozi wa kikundi afundishwe jambo moja kabla ya mengine yote: hakuna mizani kikundini. Mwenye wasiwasi na uzito wa mtoto ampeleke kituo cha afya, apimwe faraghani na mtu anayejua kusoma uzito kwa kulinganisha na umri na urefu, maana kipimo cha mtu mzima hakimfai kijana. Huko pia wataangalia presha na sukari. Kikundini wanajadili mambo ya kufanya. Wiki hii kila nyumba ipime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina. Wiki ijayo, soda iwe ya sikukuu. Wiki ya tatu, wazazi waende kwa mwalimu mkuu wamwombe arudishe mchakamchaka, na wakae na akina mama wanaouza getini, wasiwafukuze, wawaulize wanaweza kuuza nini kingine: ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha na kachumbari. Wale nao wana watoto wa kusomesha.

Akina baba mnaniuliza sisi tuna nafasi gani. Mna nafasi kubwa, kwa sababu mkisusia chakula, mapinduzi yote ya jikoni yamekwisha. Tatizo letu ni kwamba baba mvuvi usiku hayupo nyumbani, yuko ziwani na taa zake. Lakini kila mwezi kuna siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, na mitumbwi inalala ufukweni. Usiku huo baba yupo. Basi vikundi vya Kibirizi, Katonga na Ujiji visifuate ratiba ya Dar es Salaam. Vipindi vinne vya mwezi viwekwe kwenye flashi, vionyeshwe hizo siku za mwezi mpevu, pale pale mwaloni, kwenye kitambaa cheupe, baba, mama na watoto pamoja. Na kama serikali itaendelea kulifunga ziwa kama ilivyofanya mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, miezi hiyo mitatu wavuvi wote wako nchi kavu, na likizo ya Juni imo ndani yake. Mtu wa kuanzisha kikundi cha kwanza asingoje mwaka mwingine. Aende ofisi ya kata aombe uwanja, amtafute mhudumu wa afya wa mtaa wake, na amwombe mwenye kibanda umiza amwazime projekta kwa siku ambazo hakuna mechi.